Nyumba Tatu, Jiko Moja

Wako watu hapa Busia wanaosema kwamba mimi ndiye niliyewafukuza wale kina mama wawili wa Kihindi. Wengine husema nikishapita, wengine hawangoji hata nipite. Sikumfukuza mtu. Nilinunua nyumba kwa hati safi, nikaitengeneza kwa mikono inayojua kazi yake, na majirani zangu niliwatakia mema kuliko walivyonitakia wao. Lakini ni kweli kwamba nilipofika walikuwepo na sasa hawapo. Kwa hiyo nitaeleza ilivyokuwa, na anayetaka kuhukumu ahukumu akiwa na habari yote.

Nyumba zenyewe ni tatu, mstari mmoja, kwenye barabara ya kwenda mpakani. Mbele ni maduka yenye veranda, nyuma ni vyumba, na nyuma zaidi kila nyumba ina ua wa saruji wenye ukuta mrefu. Zilijengwa na mzee wa Kigujarati aliyekuja sehemu hizi kununua pamba, akawapangia wanawe watatu: mkubwa kushoto, wa pili katikati, mdogo kulia. Ndivyo walivyokaa Wahindi katika miji yetu midogo. Hawakutawanyika. Walijipanga kama vitabu kwenye rafu, mgongo ukiangalia barabara na maneno yote yakiwa ndani. Sisi tuliokuja kununua tulisoma migongo tu.

Mimi ni mtoto wa Butula, karibu na Khunyangu. Mama yangu aliuza mihogo na dagaa sokoni, na kila mwaka shule zilipokaribia kufunguliwa alinileta Busia kununua kitambaa cha sare katika duka la kushoto. Aliyepima kitambaa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, ambaye watu wote wa mstari ule walimwita Ba, yaani mama. Alimwita mama yangu Mama Khunyangu, akamwambia, "Huyu nakua haraka, chukua ya mwaka kesho." Nyuma ya kaunta kulikuwa na pazia la kijani, na nyuma ya pazia sauti za wanawake wakicheka na harufu ya kitu kinachokaangwa ambacho hadi leo sijui jina lake. Mteja hakuvuka kaunta. Hakuna aliyetukataza; ilijulikana tu. Nilitembea kurudi Khunyangu na kitambaa kichwani nikijiambia kwamba siku moja nitajua kuna nini huko nyuma.

Nikaondoka nchini na begi moja na cheti cha kidato cha nne. Nilikaa Leicester, Uingereza, miaka kumi na mmoja. Mchana nilisafisha ngazi za majumba ya watu, jioni nilikwenda chuoni, na mwishowe nikapata diploma ya utunzaji wa majengo. Hakuna aliyeninunulia hata kalamu. Wenzangu tuliofika pamoja, wengine wanasafisha ngazi zile zile mpaka sasa. Mimi niliitwa kukagua milango ya majumba ya kupangisha, kwa sababu kule sheria inataka kila mlango wa ndani uwe mzito, usiopitisha moto, na ujifunge wenyewe. Nilifunga mamia ya milango hiyo. Sijawahi kurudishwa kazini kurekebisha hata mmoja.

Mwenye baadhi ya majumba hayo alikuwa mzee wa Kihindi. Siku moja alinisikia nikizungumza na mama kwa simu, akasimama kwenye ngazi.

"Wewe wa wapi?"

"Kenya. Busia."

"Busia wapi?"

"Butula. Karibu na Khunyangu."

Akaketi pale pale kwenye ngazi. "Khunyangu! Baba yangu alikuwa na mizani ya pamba Khunyangu!" Akaniita ndugu tangu siku ile. Alikuwa ndiye yule mtoto wa pili, mwenye nyumba ya katikati. Kaka yake mkubwa na mdogo wake walikuwa wamekwisha kufa, na wajane wao wawili wangali pale pale: Ba kushoto, na kulia mke wa yule mdogo, ambaye walimwita Kaki, yaani mama mdogo. Nyumba yake mwenyewe imekaa tupu. "Nunua wewe," akaniambia. "Wewe mtu wa nyumbani."

Nikamuuliza, kwa sababu mimi si mtu wa kuingia kichwa kichwa, "Na hao shemeji zako?"

"Ah, shemeji zangu hao. Hakuna shida."

Nilisaini sebuleni kwake, mkewe akatuletea chai ya maziwa na tangawizi. Nilifikiri nimekwisha vuka kaunta.

Siku niliyofungua nyumba nilikuwa na mke wangu na fundi wa kuajiri. Vyumba vilikuwa na vumbi la miaka, popo darini, dirisha moja limeoza. Lakini ua ulikuwa umefagiliwa. Katika ukuta wa kushoto kulikuwa na mlango mdogo wa mbao, na katika ukuta wa kulia mwingine unaotazamana nao, yote mifupi, bila kufuli, bila hata komeo. Sakafu kati ya mlango na mlango ilikuwa imelika na kung'aa.

"Hapa watu wanapita," nikamwambia fundi.

"Labda ni jirani, boss."

"Jirani hupitia mbele."

Nilikuwa nimetoka mahali ambapo mtu akikuta tundu ukutani anaita mkaguzi. Tena hapa ni mpakani. Malori yanalala barabarani, watu wa Uganda na wa huku wanapishana mchana kutwa, bidhaa zinapotea mikononi mwa mtu anayezitazama. Nilipanga kufungua duka la vifaa vya ujenzi na kuweka akiba ya mali uani. Basi tukaing'oa milango yote miwili, tukaziba kwa matofali, tukapiga lipu, tukapaka rangi. Siku mbili. Ukitazama hungejua kulikuwa na tundu. Nilimwonyesha mke wangu jinsi mstari wa lipu mpya usivyoonekana.

Jioni ya siku ya pili mtoto wa Ba, mtu wa miaka hamsini hivi anayeendesha duka la mama yake lakini anakula na kulala nyumbani kwake mjini, alisimama kwenye veranda yangu mikono nyuma.

"Boss, najenga?"

"Naweka usalama kidogo."

Alitazama ndani, mpaka uani. "Sawa," akasema. "Ni nyumba yako."

Niliyachukua maneno hayo kama karibu. Miaka yangu yote kati ya watu hawa haikunifundisha kwamba wakikuambia jambo ni lako ndipo wamekuwekea mpaka.

Baada ya hapo tukaishi. Asubuhi tulisalimiana wakati wa kufungua maduka, yeye akifagia kwake na mimi kwangu. Nilipofungua duka langu rasmi niliwaalika. Akaja yeye peke yake, akanywa soda akiwa amesimama, akanitakia baraka. Mke wangu alipojifungua, kulikuja shali nzuri ndani ya karatasi, imeletwa na mpishi wao. Hakuna aliyekuja kumbeba mtoto. Niseme wazi kwamba iliniuma. Mimi si mpangaji wa chumba, mimi nina ukuta nao pande mbili. Kwetu Butula jirani asiyeingia ndani kumwona mtoto ana neno moyoni. Niliwaza, ni yale yale ya kaunta. Hata ununue nyumba nzima.

Kila siku, kwenye saa kumi na moja jioni, nilimwona Kaki akipita mbele ya duka langu. Alikuwa na zaidi ya miaka sabini, mnene, magoti mabovu, ameshika bakuli la stili lenye kifuniko. Veranda zetu hazilingani, kila msingi una kimo chake, kwa hiyo ili atoke kwake kwenda kwa Ba ilimbidi ashuke ngazi zake, akanyage barabara kati ya bodaboda na wabadilishaji pesa, apande zangu, ashuke zangu, avuke mtaro, apande za Ba. Asubuhi pia alipita, na mchana. Nilimsalimia, "Shikamoo mama." Akajibu, "Marahaba," bila kusimama. Nilidhani anapenda kutembea. Nilimwambia hata mke wangu, yule mama anajua afya.

Miezi ikapita hivyo, mpaka msimu wa mvua. Siku moja bodaboda iliyobeba kreti za soda ilipomkwepa mbwa, Kaki akarudi nyuma, akakanyaga ukingo wa mtaro, akaanguka. Mimi ndiye niliyemwinua. Nilimlaza kwenye gari langu, nikampeleka hospitali, nikasukuma kitanda mpaka chumba cha picha, nikasimama na mtoto wa Ba mpaka daktari akasema nyonga imevunjika. Wali na mchuzi wa njano ulikuwa umemwagika barabarani, na nakumbuka nikijiuliza kwa nini mtu abebe wali kutoka nyumba moja hadi nyingine kila siku.

Jibu nililipata asubuhi iliyofuata. Mpishi wa Ba, mama mmoja wa Kiteso kutoka upande wa Malaba, aliyekuwa pale tangu kabla sijakwenda ng'ambo, alikuja dukani kwangu kutafuta waya wa kufungia lango. Nikamwuliza hali ya mgonjwa.

"Atapona. Lakini mzee, si ni wewe ulimwangusha."

"Mimi? Mimi niliyempeleka hospitali?"

"Ulimpeleka, Mungu akubariki. Lakini ulifunga mlango wake." Akaweka waya kwenye meza. "Wewe si wanasema umesomea nyumba huko Ulaya? Hujawahi kuona ile nyumba ya mwisho haina jiko?"

"Haina jiko?"

"Ona huyu! Umeishi hapa mwaka mzima, umewahi kuona moshi huko? Umesikia sufuria? Jiko ni moja, liko kwa Ba. Tangi la maji ya mvua ni moja, liko kwa Kaki. Wale walikuja mabibi harusi wakiwa wasichana, wakaambiwa jiko ni hili na maji ni yale. Miaka hamsini wanapita kwako na sufuria na ndoo. Hapa kwako ndipo walikuwa wanakaa kuchambua mchele. Sasa diploma ikafika."

Alicheka, lakini si cheko la furaha. Wateja wawili walikuwa wanasikia.

Ziko nyumba tatu kwenye hati. Nilizikagua hati hizo mimi mwenyewe. Lakini ilikuwa nyumba moja, na mimi nilikuwa nimenunua sebule yake na ushoroba wake.

Nilimpigia simu yule mzee wa Leicester saa ile ile. Akaonekana kwenye kioo cha simu akiwa na kofia ya sufu, akacheka aliponiona. Nilipomweleza akaacha kucheka.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia hungenunua."

"Na wao uliwaambia?"

Akatazama pembeni. "Ndugu, ile mstari iko na sheria yake. Ukitaka kuuza, unauliza ukuta wa kushoto na ukuta wa kulia. Kwanza hao. Wakikataa ndiyo unaenda kwa mtu mwingine. Mimi sikuuliza. Nilijua watakataa." Halafu akasema mtandao ni mbaya, akakata.

Kumbe walikuwa wamenichukulia mwaka mzima kama mtu aliyeingia kwa mlango wa nyuma, na hakuna aliyefungua kinywa. Nilifunga duka, nikaenda kwa Ba. Mwanawe alininyanyulia ubao wa kaunta, nikavuka. Lile pazia lilikuwa la rangi nyingine sasa. Nyuma yake kulikuwa na korido, kisha ua kama wangu, na jiko kubwa jeusi kwa moshi, na Ba ameketi kwenye kiti cha plastiki akimenya vitunguu saumu. Alikuwa amekuwa mdogo sana.

"Kaa," akasema.

"Mama, mbona hamkuniambia?"

"Nikuambie nini? Wewe nunua nyumba. Mtu nanunua nyumba, nafanya yake."

"Mngesema mlango usizibwe, nisingeziba."

"Siku fundi yako alikuja na nyundo, hiyo ndiyo siku sisi tulijua nyumba imeuzwa." Alisema bila hasira, akaendelea kumenya. "Mimi nitakuja kwako kusema nini? Nipe mlango? Mlango haikuwa yangu. Haikuwa yako. Ilikuwa tu."

"Mimi ni mtoto wa Mama Khunyangu," nikamwambia. Sijui kwa nini nilisema hivyo. "Ulikuwa unanipimia sare."

Alinitazama juu ya miwani kwa muda. "Wengi walikuwa nakuja," akasema.

Nilimeza hilo. Nikamwambia nitafungua milango, na Kaki akitoka hospitali ataikuta. Hapo ndipo niliona uso wake ukibadilika kwa mara ya kwanza. Mwanawe alikuwa amekwisha sema mgonjwa hawezi tena kupita barabarani, na binti ya Kaki aliyeko Kisumu alikuwa anataka kumchukua moja kwa moja. Milango ikifunguliwa, Kaki angebaki. Isipofunguliwa, angeondoka, na Ba angebaki anampikia nani?

"Toa matofali tu," akasema. "Kama zamani."

Hapa ndipo wale wanaonisema mjini huanza kutikisa vichwa. Naomba wafikiri wangefanya nini. Uani kwangu kulikuwa na saruji, nondo, rangi, mabati. Mke wangu alikuwa na mtoto mchanga. Nyumba ya Kaki ilikuwa na wapangaji wawili wa chumba cha mbele, maajenti wa forodha, watu wanaobadilika kila mwezi. Niache matundu mawili wazi kama zizi? Na zaidi ya hayo nilitaka kuwafanyia kitu kizuri, kizuri kuliko walichokuwa nacho. Mtu hasomei kitu miaka minne usiku ili aje kurudisha mbao mbovu. Niliagiza milango miwili ya chuma kutoka Nairobi, ya aina niliyokuwa nikiifunga Leicester: mizito, isiyopitisha moto, yenye mkono wa juu unaoivuta ijifunge yenyewe, kufuli upande wangu na kengele upande wao. Niliifunga mimi mwenyewe. Ilifunga kwa sauti moja laini, kama mlango wa gari la bei. Watu walikuja kuitazama. Mkaguzi mmoja wa manispaa aliniambia hakuna mlango kama huo katika kaunti nzima, na nadhani alisema kweli.

Mke wangu alisukuma mmoja, akasema, "Toa hiyo springi. Ni nzito."

"Ikitolewa si mlango wa usalama tena."

"Mzee, anayepita hapa ni bibi mwenye fremu ya kutembelea."

"Atazoea," nikasema. "Huko wazee wote wanazoea."

Kaki alirudi wiki mbili baadaye akitembelea fremu ya alumini. Siku ya kwanza jioni kengele ililia ukuta wa kulia. Nilikuwa uani na mke wangu. Nikamwambia afungue, nilitaka kuona. Kaki alikuwa amesimama kwenye kizingiti, mikono miwili imeshika fremu, na bakuli tupu limening'inizwa kwenye mfuko wa plastiki mbele. Alivaa shali ya kutokea. Mke wangu aliuzuia mlango kwa bega.

"Karibu mama, pita."

"Samahani," akasema Kaki. "Samahani kusumbua."

Aliyasema hayo mahali alipokuwa akipita na ndoo tangu ana miaka kumi na minane. Alivuka ua taratibu, akitazama vigae vyangu. Mke wangu akakimbia mbele kumfungulia mlango wa pili, na ule wa kwanza ukajifunga nyuma yake. Alishtuka, ingawa haukulia kwa nguvu. Alirudi baada ya saa moja na bakuli limejaa. Kengele ya kushoto, mke wangu kwenye mlango, samahani, mlango wa kulia, samahani, asante. Hakurudia tena. Siku iliyofuata tulimsikiliza jioni nzima.

Nilimngoja mtoto wa Ba asubuhi kwenye veranda.

"Kuna kasoro gani?"

"Hakuna kasoro, boss. Mlango mzuri sana."

"Basi mbona hapiti?"

Alifagia kidogo. "Zamani alikuwa hapiti mlango. Alikuwa naenda jikoni."

Nilirudi ndani nimekasirika kuliko nilivyowahi kukasirika katika nchi ya ugenini. Kule nilitukanwa na walevi, lakini angalau walisema wanachotaka. Hawa walinitakia baraka na kunyamaza. Nimewapa mlango ambao hata benki hazina, bado nimekosea. Nikaapa sitagusa kitu. Kwa wiki tatu mpishi ndiye aliyezunguka na bakuli barabarani, akipita mbele ya duka langu polepole ili nione.

Katika siku hizo nilikwenda Malaba mara kwa mara kuchukua mali, nikafahamiana na vijana wa Kihindi wanaofanya kazi katika yadi moja ya malori. Hao ni wa siku hizi: wameletwa kwa mkataba, wanaishi sita kwenye fleti yenye mlinzi na uzio wa umeme, chakula wanaletewa. Waliniita anko siku ya kwanza, wakanialika ndani siku ya pili, wakanilisha mpaka nikashindwa kusimama, wakanionyesha picha za mama zao kwenye simu. Nilirudi nikamtania mtoto wa Ba kwamba Wahindi wa Malaba wanajua ukarimu. Ba alikuwa amekaa nyuma ya kaunta, akasikia.

"Hao wa mkataba," akasema. "Hao hawana ukuta na mtu. Kesho naenda."

Ni kweli, mkataba uliisha na wakaenda, na namba zao hazipatikani. Lakini waliniingiza ndani, na hilo sitalisahau.

Mke wangu ndiye aliyenishinda. Siku moja nilikuta amepanda kiti na bisibisi mkononi, mtoto mgongoni, anajaribu kung'oa ule mkono wa juu. "Shuka," nikamwambia, "utaangusha mtoto." Nikapanda mimi. Niling'oa mikono yote miwili. Nikatoa kufuli, nikakata waya za kengele. Milango ikabaki inaning'inia tu, mtu angeweza kuisukuma kwa kidole. Ilikuwa kama kuvunja cheti changu kwa mkono wangu. Nilikwenda kwa mtoto wa Ba kumwambia, nikamkuta anafunga masanduku kwa kamba.

"Kaki ameenda jana," akasema. "Binti yake alikuja na gari. Wewe ulikuwa Malaba."

"Mbona hukunipigia simu?"

"Ningesema nini, boss? Ni mama yake."

"Na haya masanduku?"

"Ba naye. Anasema hajui kupika chakula ya mtu mmoja. Anapika ya watu wanne, anatupa. Kule Kisumu watakaa nyumba moja."

Yeye mwenyewe angeendelea na duka kwa muda, akija na kurudi, kisha apangishe. Nilisimama pale kama mtu aliyechelewa gari. Niling'oa mikono ya milango saa nne asubuhi, Kaki alikuwa ameondoka jana yake saa tisa. Kama ningemsikiliza mke wangu wiki ya kwanza, Kaki angekuwepo. Kama wao wangesema neno moja mwaka wa kwanza, nisingeziba kabisa. Nimeupima huu mzani mara nyingi na kila mara unaegemea upande mwingine, na siku hizi nimechoka kuupima.

Ba aliondoka siku ya Jumamosi. Asubuhi ile mwanawe aliniambia mama yake anataka kwenda nyumba ya Kaki kuona kama tangi limefunikwa vizuri, kwa sababu mpangaji mpya ana watoto. Nikasema apite kwangu, milango haina kitu sasa. Nilifagia ua mwenyewe. Nilisimama kwenye mlango wa kushoto, nikaushika wazi.

Akaja akiwa na sari nyeupe na kandambili. "Pita, Ba," nikasema. Ndiyo mara ya kwanza nilimwita hivyo. Alipita. Alivuka ua bila kutazama huku wala huku, mkono mmoja mbele kidogo kama mtu anayetembea gizani, akasukuma mlango wa kulia kwa viganja, akaingia kwa Kaki. Nilimsikia akigonga kifuniko cha tangi, mara mbili, kama anayebisha hodi. Mke wangu akaja na chai kwenye trei, vikombe vitatu, akaweka viti katikati ya ua, usawa wa mlango wa kulia ambao Ba aliuacha wazi. Tukangoja.

Tulingoja mpaka chai ikapata utando juu. Ndipo tukasikia sauti yake mbele, barabarani, akimwambia mtu ampishe. Nilitoka mbio dukani. Alikuwa amepitia kwa Kaki mpaka barabarani, ameshuka ngazi za Kaki peke yake, amevuka mbele ya duka langu kati ya bodaboda na mikokoteni, na sasa anavuka mtaro, amemshika mpishi wake bega. Mwanawe alikuwa amefungua mlango wa gari.

"Ba," nikaita, "mlango uko wazi!"

Aligeuka. Nadhani alinitazama kwa upole, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo kuliko kama angenitukana.

"Naona," akasema. "Mama mtoto mwambie asante kwa chai." Akaingia kwenye gari.

Niliporudi uani mke wangu alikuwa ameketi kwenye kiti kimoja, mtoto mapajani, akinywa kikombe chake. Milango yote miwili ilikuwa imeachwa wazi na kuku wa mpangaji wa Kaki walikuwa wamekwisha ingia. Niliwafukuza, nikaifunga, nikakuta haina cha kuishikilia. Nikaisukumia mfuko wa saruji kila upande.